Mlimani, Buswelu au Usagara? Linganisha njia kabla ya kulinganisha viwanja

Mdogo wangu wa kike anatafuta kiwanja Mwanza tangu mwaka jana. Simu yake imejaa picha za madalali: jiwe la mpaka, mwembe, kijana kasimama katikati ya nyasi kanyoosha mikono kuonyesha upana. Bei inatajwa, ukubwa unatajwa, umbali unatajwa kwa dakika. Nimezipitia picha zote moja moja, na hakuna hata moja inayoonyesha njia ya kuingilia.

Jumamosi moja tulikwenda kuona kimojawapo. "Lami dakika tano tu, dada," dalali alisema. Na kweli, ukisimama pale kiwanjani lami unaiona, hata honi za daladala unazisikia. Mita mia tatu, labda mia nne. Ila kati yetu na lami kulikuwa na ua wa minyaa wa mzee mmoja, kisha korongo, kisha ukuta wa mtu. Barabara yenyewe ilitokea upande wa nyuma, ikazunguka kisima, ikapanda, ikashuka. Tulirudi kwa miguu nikiangalia saa: dakika ishirini na mbili. Dalali hakudanganya. Zile tano zilikuwa za kunguru, anayeruka moja kwa moja.

Nyumba unaweza kuipaka rangi upya, kuibomoa, kuiongeza ghorofa. Njia iliyoletwa kwako na mtaa huwezi kuibadilisha peke yako. Kwa hiyo nimeandika ulinganisho huu kwa mtu aliyekwama kama sisi tulivyokwama, mwenye akiba yake mkononi na majina matatu kichwani: nyumba au kipande mlimani karibu na mji (Mabatini, Igogo, Bugarika, Isamilo ya juu), kiwanja kilichopimwa upande wa Buswelu na Kiseke, au shamba linalokatwa vipande kando ya barabara kuu huko Buhongwa, Usagara na Kisesa.

Jiji lenyewe linavyotanuka

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,000 na ushee katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.1. Yaani ndani ya miaka kumi tumeongezeka watu karibu laki nne, na wote wanahitaji pa kulala.

Ardhi haikuongezeka pamoja nao. Mwanza ina ziwa upande mmoja na majabali kila mahali pengine, ndiyo maana ikaitwa Jiji la Miamba. Mji ulioanzishwa 1892 ulikuwa mdogo na umenyooka, na ukipita leo mitaa ya Rufiji, Lumumba na Uhuru bado unaona: ukikosa njia huku unatokea kule. Baada ya hapo jiji likakua kama vidole vya mkono. Kidole kimoja kinafuata barabara ya uwanja wa ndege, kingine barabara ya Musoma kupitia Nyakato na Igoma, kingine barabara ya Shinyanga kupitia Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa. Katikati ya vidole kuna vilima. Kwa miaka mingi, kutoka kidole kimoja kwenda kingine ilibidi ushuke hadi kiganjani, yaani mjini, ndipo upande tena. Foleni ya asubuhi ina sababu nyingi, ila hii ni mojawapo na haizungumzwi sana.

Vipimo nilivyotumia

Bei sikuiweka, kwa makusudi. Ya leo si ya mwezi ujao, na kila dalali ana ya kwake. Nimelinganisha mambo matano.

La kwanza ni njia: zipo ngapi za kutokea, na ni za nani. Simama pale litakapokuwa geti lako, ujiulize: leo kukiwa na msiba na turubai limefunga barabara, natokea wapi? Kisha tembea na uhesabu. Njia panda yenye matawi manne ni mali, yenye matatu inatosha, na mahali njia inapoishia kwa mtu ni hasara, hata kama wakazi wake wanafurahia utulivu. UN-Habitat hupendekeza njia panda kama 100 kwa kilomita moja ya mraba. Kilomita ya mraba ni kubwa kwa miguu, kwa hiyo zunguka eneo la mita 500 kwa 500, ambalo ni robo yake, na utafute 25. Na ukihesabu, andika pembeni kila njia inapitisha nini: mguu, pikipiki, gari dogo au lori. Utaona mbele kwa nini jambo hili ni kubwa.

La pili ni safari ya kila siku. Ukipanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, kwa siku 26 za kazi hizo ni nauli 104 kwa mwezi, za mtu mmoja, kabla hujaongeza bodaboda ya kutoka kituoni. La tatu ni maji, ya bomba na ya mvua. La nne karatasi. La tano ni kesho ya mtaa: je, njia zitafunguka au zitazidi kuziba?

MLIMANI

Njia. Hapa watu wengi hukosea, hata waliosoma. Ukiitazama Mabatini kwenye ramani ya satelaiti unaona imefungwa: barabara ya gari inapanda kidogo halafu inafia chini ya jabali. Sasa panda kwa miguu. Kati ya jabali na jabali kuna kichochoro. Kichochoro kina ngazi za mawe na saruji walizojenga wenyeji kwa mikono yao, kinagawanyika mara tatu kabla hujapumua, na karibu kila tawi linatokea mahali. Mtoto wa darasa la pili anajua njia nne za kwenda shule, na huchagua kufuatana na mbwa gani kafunguliwa siku hiyo. Kwa mtu wa miguu sidhani kama kuna sehemu ya Mwanza iliyounganishwa vizuri kuliko mlimani.

Kwa tairi ni kinyume kabisa. Miaka miwili iliyopita shangazi yangu alizidiwa usiku. Vijana wanne walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kwa khanga mbili asiteleze, wakashuka naye ngazi moja moja, na wa tano akimulika kwa simu. Bajaji ilikuwa inasubiri chini. Taa za hospitali tulikuwa tunaziona muda wote.

Ndivyo inavyokuwa kwa kila kitu kizito. Lori la mchanga linamwaga chini, na kutoka hapo ni kichwani, kwa ndoo. Fundi wa mlimani hukupigia hesabu mbili, ya kununua na ya kupandisha, na kwenye mchanga na kokoto hesabu ya pili hukimbilia kuikamata ya kwanza. Kitu kimoja tu unakipata bila kubebesha: mawe ya msingi. Unachoma jabali hadi linapasuka, na unajenga.

Hali inabadilika taratibu pale ambapo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imejenga barabara za mawe. Mawe hushika mteremko ambao kifusi hakiwezi kuushika, maana mvua moja ya Novemba hukiondoa chote. Mtaa uliopata barabara ya mawe na mtaa jirani ambao haujapata ni dunia mbili, ingawa dalali huitaja kwa jina moja.

Safari. Miguu. Nusu saa uko mjini, na mtu wa soko au wa mwaloni kwenye samaki anaweza kumaliza mwezi bila nauli. Hesabu ya 104 hapa inaweza kuwa sifuri.

Maji. Ya bomba husukumwa kwenda juu, hivyo wa juu kabisa hupata mwisho na kidogo. Uliza majirani, "mara ya mwisho maji yalitoka lini na saa ngapi?" Wakikujibu saa nane usiku, umepata jibu. Ya mvua hayatuami kwako, yanashuka kwa jirani wa chini, na ya jirani wa juu yanashuka kwako. Choo cha shimo kwenye mwamba ni mtihani. Baadhi ya mitaa imeunganishwa na mabomba madogo ya majitaka, na nyumba yenye muunganiko huo ina thamani kuliko vigae vyovyote. Tazama pia juu ya paa lako: kuna jabali limekaa juu ya nini?

Karatasi. Mara nyingi ni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima mitaa iliyojengwa bila mpango, umefika maeneo mengi na unaweza kukupatia hati, ila una sharti lake: kila mmoja amege kipande chake ili njia ipatikane. Kumi na moja wanakubali, wa kumi na mbili choo chake kiko njiani. Hapo ndipo barabara hukwama miaka.

Kesho. Njia za gari zitaongezeka chache. Thamani haitashuka kwa sababu mji hauhami.

Inamfaa nani. Anayefanya kazi mjini kwa saa zisizo na mpangilio, anayetaka vyumba vya kupangisha (wapangaji mlimani hawakosekani), kijana anayeanza. Haimfai mwenye mzazi asiyeweza ngazi, wala mwenye biashara ya mzigo.

BUSWELU NA KISEKE

Njia. Hapa kalamu ilitangulia jembe. Mitaa ilichorwa, viwanja vikapimwa, bikoni (mawe ya mpaka) zikawekwa, ndipo watu wakaja. Ukihesabu njia panda unapata, na nyingi zinapitisha lori. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni kwamba Buswelu ina milango miwili: kupitia Kiseke hadi Sabasaba unatokea barabara ya uwanja wa ndege, na kupitia Nyakato unatokea barabara ya Musoma. Yaani ni kati ya sehemu chache zinazounganisha kidole na kidole bila kushuka mjini. Makao makuu ya Manispaa ya Ilemela yako huko, na hilo huvuta lami.

Ila barabara ya kwenye mchoro na barabara ya ardhini ni vitu viwili. Utaonyeshwa ramani nzuri yenye mistari iliyonyooka, ufike ukute mstari wako ni majani kiunoni, haujawahi kuona greda. Au umechongwa lakini karavati halipo, hivyo wakati wa masika mtaa mzima unapitia kwa jirani mmoja mwenye moyo. Na kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwenye ramani: viwanja vitupu. Mtu amenunua, ameweka bikoni na mche wa mwarobaini, amerudi Dar es Salaam au Geita kusubiri bei ipande. Ukiwa na vitupu vitano kati yako na taa ya jirani, usiku njia inakuwa ndefu hata kama imenyooka. Jiji hutanuka hivyohivyo: linaruka viwanja vilivyofungiwa, linakwenda kuanza upya mbele yake, na wewe uliyejenga unabaki kisiwani.

Safari. Kama kazi yako iko upande wa uwanja wa ndege, Pasiansi au Nyakato, gari moja. Kama iko Mkuyuni au Nyegezi, ni magari mawili na hesabu ya 104 inakuhusu. Kutoka kituoni hadi mitaa ya ndani ni bodaboda. Mtu asiye na chombo chake cha usafiri aishi karibu na barabara ya daladala, hata ikibidi kiwanja kiwe kidogo.

Maji. Bomba hufuata nyumba, na nyumba zikiwa mbalimbali bomba huchelewa na gharama ya kulivuta inakuwa yako. Ya mvua hayana vurugu za mlimani, ila kwenye bonde hutuama. Nenda kaone kiwanja Aprili, sio Agosti.

Karatasi. Hapa ndipo inaposhinda wengine wote, endapo utafanya upekuzi kwa msajili wa hati mwenyewe na sio kwa picha uliyotumiwa. Kiwanja kimoja na wamiliki wawili, kila mmoja na karatasi yake, ni jambo linalotokea. Hati pia huja na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka na masharti ya kuendeleza. Wengi huyasahau hadi siku wanapotaka kuuza.

Kesho. Njia zimeshatengwa, hivyo siku fedha ikipatikana lami inawekwa bila kubomoa mtu. Mtaa utajaa. Swali ni lini.

Inamfaa nani. Mwenye mkopo wa benki au anayetaka hati ije kuwa dhamana, mwenye familia na gari au pikipiki, anayeweza kusubiri miaka mitano mtaa ukomae.

BUHONGWA, USAGARA, KISESA

Njia. Barabara kuu ni nzuri mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Usagara iko njia panda: kulia unaelekea Sengerema na Geita, mbele Shinyanga, na ile ya Usagara–Kisesa inakupeleka barabara ya Musoma bila kukanyaga mjini. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limeondoa foleni ya kivuko, na wanunuzi wa viwanja wamefuata lami kama nzige. Kwa upande wa kuunganisha vidole, huku ndiko habari mpya ziliko. Barabara ya Buhongwa–Igoma nayo imo katika TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji.

Lakini ondoka lami mita mia mbili uingie ndani. Kila mwenye shamba anakata shamba lake. Analigawa vipande, anaacha kanjia katikati, na kanjia hako kanaishia mpakani mwake. Jirani naye analigawa la kwake, anaacha kanjia kake, na hawakukaa kikao. Matokeo yake unakuta njia mbili zinatazamana, katikati yake kuna ua wa minyaa na nyumba ya tofali za kuchoma. Zingekutana zingekuwa mtaa. Sasa ni vibuyu viwili vyenye mdomo mmoja mmoja, na wote wanaoishi ndani lazima watoke hadi lami ili wamsalimie jirani wa nyuma.

Tulimkuta mzee mmoja anauza, mtu mkarimu, alitutolea viti chini ya mwembe.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka."

"Babu, hii barabara itaendelea?" mdogo wangu akamuuliza.

"Itaendelea."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale kwenye minyaa."

"Na baada ya minyaa?"

"Ah, mjukuu wangu, huyo umuulize mwenyewe."

Nilimpenda kwa ukweli wake. Wengine wangesema hadi Shinyanga.

Jambo hili si la Usukumani peke yake. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba mitaa mipya ilizidi kukatika-katika kwa miongo mingi, ikafika kilele takriban mwaka 1994, ndipo ikaanza kurudi kuungana. Tofauti ni kwamba kule wapanga miji walichora vichochoro vilivyoziba kwa makusudi, wakiamini ndio utulivu. Huku hakuna aliyechora. Matokeo yanafanana, na ugumu wa kuyafumua unafanana pia, kwa sababu njia ikishawekewa nyumba pande mbili hubaki vilevile hata nyumba zikibadilishwa.

Safari. Ukiwa kituoni, daladala zipo nyingi na stendi ya Nyegezi iko njiani. Kutoka ndani hadi kituoni ndiyo kazi, na kutoka Usagara hadi mjini ni mwendo wa kilomita ishirini hivi kabla ya foleni. Mtu wa kwenda mjini kila siku apande gari hilo wiki nzima kabla ya kulipa hata shilingi, aondoke saa kumi na mbili asubuhi kama atakavyoondoka akishahamia.

Maji. Chanzo cha Butimba, lita milioni 48 kwa siku, kimeongeza maji upande huu wa kusini, ila mabomba hayaingii kwenye vibuyu haraka. Visima vipo, chumvi yake inategemea na mahali. Ardhi nyingi ni tambarare na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunasa gari masika. Msingi wake unahitaji fedha, muulize fundi wa hapohapo.

Karatasi. Kwanza jua uko wapi. Buhongwa ni Nyamagana, Usagara ni Misungwi, Kisesa ni Magu, na mahali pengine utakutana na serikali ya kijiji badala ya mtaa, yenye taratibu zake za kuidhinisha. Pili, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Pima kwa futi kamba, usipime kwa macho. Zile nyumba zenye alama ya X nyekundu ukutani zilijengwa na watu waliopima kwa macho.

Kesho. Hapa sina hakika upande wowote, na ndiyo sababu bei bado inavumilika. Mpango mji ukiwahi, huku patakuwa na nafasi kuliko Buswelu. Nyumba zikiwahi, tutakuwa tumejenga mlima mwingine bila mlima: vichochoro, lakini virefu na visivyotokea.

Inamfaa nani. Mfanyabiashara wa njiani (gereji, stoo, mashine ya kusaga, nyumba ya wageni), anayesafiri Geita na Sengerema mara kwa mara, mwenye kutaka eneo kubwa la kufugia kuku na kulima mboga, na kikundi cha watu kinachoweza kununua shamba zima na kulipanga wenyewe.

Na ufukweni je?

Kila mtu huuliza. Luchelele, Kayenze, Igombe: upepo mzuri, machweo mazuri. Ila rasi ni mwisho wa njia uliochorwa na Mungu, unaingilia ulikotokea. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo kile kipande chenye mandhari unayolipia ndicho usichoruhusiwa kujengea.

Kwa hali yako

Kama unafanya kazi mjini na huna usafiri wako, anza mlimani, lakini nyumba ambayo bajaji inafika umbali wa ngazi ishirini au chini yake. Zihesabu ukiwa umebeba ndoo ya maji.

Kama una watoto wadogo na kipato cha mwezi kinachotabirika, Buswelu na Kiseke zitakupumzisha, mradi uchague mtaa ambao nusu ya viwanja ina nyumba zinazokaliwa. Kiwanja chenye majirani ni bora kuliko kikubwa zaidi chenye vichaka.

Kama kazi yako ni barabara yenyewe, nenda Usagara au Kisesa, ukae karibu na lami lakini nje ya hifadhi.

Kama unanunua ili kuacha, sio kukaa, naomba tu usinunue katikati ya mtaa wa watu. Chukua pembeni.

Kama mpo watano au sita mnaoaminiana, kazini au kanisani au msikitini, nunueni shamba moja kando ya lami, mumlipe mpimaji kabla ya mtu yeyote kuchagua kipande, na mlazimishe njia zitokee pande mbili angalau. Mtapoteza kiwanja kimoja au viwili kwenye barabara, nao wa kulalamika hatakosekana.

Mdogo wangu bado hajaamua. Wiki hii anaegemea Kiseke, wiki ijayo atakuwa Buhongwa. Ila sasa madalali wakimtumia picha anawajibu kwa ujumbe mmoja: "Nitumie video kuanzia lami." Nusu yao hawarudi.

Na kama wewe umeshanunua, na njia yako imeishia kwa mtu, usikae ukisubiri halmashauri. Mfuate huyo mtu mapema, na mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili, mkubaliane mita nne za kupita, muandike na mtie saini, hata kama itabidi mchange mumlipe. Mfuate sasa, wakati pale njia inapotakiwa kupita bado ni mahindi.